Hela ya kulimia kisiwani: ipi inunue nini

Kila mkutano mkubwa wa tabianchi unapomalizika, habari hutoka zikitaja mabilioni yaliyoahidiwa kwa nchi za visiwa. Kwenye visiwa vyenyewe, meli ikichelewa siku kumi tu, rafu za mboga zinabaki wazi na mayai yanapanda bei. Watu wakiyaweka mambo hayo mawili pamoja, majibu huja haraka: hela zimeliwa, au wakulima wavivu, au kisiwa hakifai kwa kilimo.

Hela zinazoliwa zipo, hilo halina ubishi. Lakini mashamba mengi ya visiwani hayafi kwa wizi. Yanakufa kwa sababu hela ya aina moja imepewa kazi ya aina nyingine. Mkopo wa miezi 12 umejenga tangi la kutumika miaka 20, au ruzuku imenunua chumba cha baridi na hakuna aliyeulizwa nani atalipa umeme wake. Mwaka wa kwanza picha zinapigwa, utepe unakatwa. Mwaka wa tatu ndipo mambo yanapoharibika.

Tuanze na maneno, maana vurugu nyingi zinaanzia hapo.

Chakula cha ndani ni kile kinachozalishwa kisiwani, kiwe cha shambani, cha bandani au cha majini. Kikiitwa endelevu, kinapaswa kupita vipimo vitatu: udongo usichoke, maji matamu yasiishe wala kuingia chumvi, na hesabu za shamba zisimame hata mfadhili akishaondoka. Kipimo cha tatu ndicho kinachorukwa mara nyingi, na ndicho makala hii inakishughulikia zaidi.

Ruzuku ni hela isiyorudishwa, ila ina masharti. Mkopo unarudi pamoja na riba kwa tarehe zilizopangwa, mvua inyeshe isinyeshe. Mtaji wa ubia ni wa mtu anayeingia kwenye biashara akamiliki sehemu yake: faida anagawana nanyi, hasara pia. Dhamana si hela mkononi, ni ahadi ya mtu wa tatu kwamba ukishindwa kulipa, yeye atalipa sehemu. Bima inalipa likitokea tukio lililoandikwa kwenye mkataba, na tukio hilo tu. Halafu kuna hela ambayo wengi hawaihesabu kuwa ni chanzo cha fedha: malipo ya mnunuzi, hasa aliyesaini mkataba kabla ya mbegu kuingia ardhini.

Kanuni ya kuzipanga ni nyepesi. Kinachoisha ndani ya msimu, kama mbegu, mbolea na chakula cha mifugo, kilipwe na hela ya msimu. Kinachokaa miaka saba au kumi, kama pampu na mabomba, kilipwe na hela ya miaka. Kinachowafaa watu wote na ambacho huwezi kumtoza mtu mmoja mmoja, kama utafiti wa mbegu, upimaji wa maji ya ardhini au mafunzo ya mafundi, kilipwe na ruzuku au bajeti ya serikali.

Kisiwa hakihitaji kulima kila kitu

Dhana inayopotosha kuliko zote ni kwamba kufadhili chakula cha ndani maana yake ni kisiwa kijitosheleze. Ukianza na lengo hilo, utamwaga hela kwenye nafaka, na nafaka ndiyo mahali ambapo kisiwa kidogo kina nguvu ndogo zaidi. Ngano na mchele havina maji mengi, haviozi upesi, vinapangika vizuri kwenye kontena, na vinalimwa kwa mashine kwenye mashamba makubwa ya bara. Kushindana navyo kwa hekta mbili za mteremko ni kujitesa.

Nguvu ya kisiwa iko kwenye vitu ambavyo safari ya meli inaviharibu: mboga za majani, mayai, samaki wabichi, matunda yaliyoiva mtini, na mazao ya mizizi ambayo ni mazito kwa sababu ya maji yake. Hapo kila siku inayopotea baharini ni faida ya mkulima aliye jirani na soko.

Jumuiya ya Karibi, CARICOM, ilijiwekea lengo la kupunguza uagizaji wa chakula kutoka nje ya ukanda kwa asilimia 25 ifikapo 2025, na baadaye muda ukasogezwa hadi 2030. Angalia lengo lenyewe: ni robo, siyo chote. Na mahindi na soya vilitegemewa zaidi kwa wanachama wenye ardhi kubwa barani, kama Guyana, siyo visiwa vyenye milima na fukwe. Umaskini nao hautoshi kuwa maelezo. Hawaii, jimbo la nchi tajiri, linakadiriwa kuagiza asilimia 85 hadi 90 ya chakula chake.

Dhana ya pili ni kwamba chakula cha kisiwani lazima kiwe rahisi kwa kuwa hakijapanda meli. Zao halijapanda meli, lakini mbolea imepanda. Mbegu zimepanda, dizeli imepanda, chakula cha kuku kimepanda. Asiyehesabu hivyo huandika mpango wa biashara unaopendeza kwenye karatasi tu.

Kuku 1,000 kwenye karatasi

Mradi wa mayai ndio unaopendwa na wafadhili wa visiwani, kwa hiyo tuukague kwa karibu. Tuchukue kuku 1,000 wa mayai wa aina ya kibiashara, walionunuliwa wakiwa vifaranga wa siku moja.

Kifaranga huyo anakula kilo 6 hadi 6.5 za chakula mpaka afike wiki ya 18. Kwa kuku 1,000 hiyo ni zaidi ya tani 6, na yai hujaliona. Yai la kwanza linakuja kati ya wiki ya 18 na ya 20. Kuanzia hapo kila kuku anakula gramu 110 hadi 115 kwa siku, yaani banda zima linakula karibu tani 3.4 kwa mwezi. Ukimwuzia mnunuzi anayelipa siku 30 baada ya kupokea mzigo, hela ya kwanza inaingia karibu wiki ya 25. Jumlisha: kabla ya kupokea hata senti moja ya mayai, mradi umeshakula takriban tani 12 za chakula.

Sasa mpe mwenye mradi huo mkopo wa miaka miwili unaoanza kurejeshwa mwezi wa kwanza. Kwa karibu miezi sita atakuwa analipa deni kwa kutumia hela ya deni lenyewe. Huko ndiko kula mtaji. Ikifika wiki ya 16 chakula kinapungua, anaanza kukichanganya na pumba ili kisogee mbele, kuku wanachelewa kutaga, na hesabu inazidi kurudi nyuma. Benki itaandika kwamba mkopaji hakuwa makini. Kosa lilikuwa kwenye tarehe za marejesho. Mkopo wa mayai unahitaji muda wa kusubiri usiopungua miezi sita kabla ya rejesho la kwanza, na fungu la chakula litengwe mapema lisiguswe kwa ujenzi.

Kisiwani kuna jambo la ziada ambalo mradi wa bara haulijui: akiba ya meli. Meli ikichelewa wiki mbili, kuku 1,000 wanahitaji tani 1.6 iliyo ndani tayari. Kuku wakikosa chakula siku chache wananyonyoka manyoya, wanaacha kutaga, na kurudi kwenye kiwango chao huchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo bajeti iwe na stoo kavu yenye hewa, mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, mzigo wa zamani utoke kwanza. Hewa ya kisiwani ina unyevu, na chakula kikilala sana kinaota ukungu wenye sumukuvu. Akiba ya wiki mbili hadi nne inatosha. Akiba ya miezi mitatu, hata ikinunuliwa kwa bei ya jumla, ni hasara inayosubiri muda wake.

Kiutaalamu, chakula ndicho kinachobeba asilimia 60 hadi 70 ya gharama ya yai. Yai la ndani lililotengenezwa kwa mahindi na soya vya nje ni la ndani nusu tu. Mashudu ya nazi, mabaki ya samaki, mihogo na mabuu ya nzi wanaofugwa kwenye taka za jikoni vinaweza kuchukua sehemu ya nafasi hiyo, kila kimoja kwa kipimo chake. Mabaki ya samaki yakizidi, yai linanuka samaki. Kazi ya kutafuta mchanganyiko unaofaa kisiwa fulani haitakiwi kufanywa na mkulima kwa hela ya mkopo. Hiyo ni kazi ya ruzuku: jibu likipatikana, kila mfugaji analitumia.

Tangi la paa na hekta moja

Maji ni sehemu nyingine ambayo nia njema inazidiwa na hesabu. Mara nyingi fungu la kwanza la mradi wa kilimo kisiwani linanunua matangi ya kuvuna mvua kwenye mapaa. Tuone yanaweza nini.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 mahali penye mvua ya milimita 1,500 kwa mwaka, ukiondoa inayopotea, linakupa kama lita 120,000 kwa mwaka mzima. Hekta moja ya mboga wakati wa kiangazi inataka kama milimita 5 kwa siku, ambayo ni lita 50,000. Paa zima la mwaka linamwagilia hekta hiyo siku mbili na nusu.

Hiyo haina maana tangi halifai. Maji yaleyale yanatosha bustani ya mita za mraba 200 kwa siku 120, au kitalu cha miche cha kijiji kizima. Mradi unaoandika "matangi 10, hekta 5" unakwenda kushindwa. Unaoandika "matangi 10, vitalu 10 vya miche" una mahali pa kusimama. Na tangi lisizidi mvua inayoweza kulijaza.

Visima vina hatari yake. Kwenye visiwa vya matumbawe maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi ndani ya mwamba, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini ya usawa huo. Hesabu hiyo inaonekana ya kutia moyo mpaka uigeuze: ukishusha maji kwa nusu mita tu kwa kupampu, chumvi ya chini inaweza kupanda mita 20. Pampu kubwa iliyotolewa kama msaada inaweza kuharibu kisima ambacho ndoo na kamba havikukidhuru kwa vizazi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua pampu, fungu dogo linunue kipima chumvi cha mkononi na mtu wa kuandika vipimo kila wiki. Maharage yanaanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikizidi desisimensi 1 kwa mita (kizio cha kupimia chumvi), nyanya karibu 2.5, bitiruti inavumilia mpaka 4. Namba zikianza kupanda, punguza saa za kupampu au sambaza visima vidogo badala ya kimoja kikubwa. Kifaa hicho ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye bajeti, na kwa maoni yangu ndicho cha kwanza kununuliwa.

Kinachoua chumba cha baridi

Chumba cha baridi kina sifa ya kuvutia wafadhili kwa sababu kinaonekana. Kinakufa kwa mambo mawili yasiyoonekana kwenye picha.

La kwanza ni ujazo. Tuseme kinatumia uniti 40 za umeme kwa siku. Ukiweka tani mbili ndani, kila kilo inabeba uniti 0.02. Ukiweka kilo 200, kila kilo inabeba mara kumi ya hiyo, na chumba kinapiga umeme uleule kwa kuwa ukuta unaingiza joto ukiwa na mzigo au bila mzigo. Ushirika unaovuna kidogo unaanza kuwatoza wanachama ada kubwa, wanachama wanaacha kuleta, ada inapanda tena. Ndani ya msimu mmoja au miwili chumba kinageuka stoo ya baiskeli. Dawa yake ni kununua chumba kidogo kinacholingana na mavuno ya leo, cha aina inayoweza kuongezewa chumba cha pili baadaye.

La pili ni chumvi ya hewani. Mapezi ya alumini kwenye kondensa ya nje yanaliwa taratibu, joto halitoki, kompresa inafanya kazi zaidi ya uwezo wake, mwisho inaungua. Kondensa iliyopakwa rangi ya kinga inagharimu zaidi siku ya kununua, lakini inapunguza gharama baada ya hapo. Kuiosha kwa maji matamu kila mwezi hakugharimu kitu kikubwa, ila lazima jina la mtu liandikwe kwenye kazi hiyo. Feni ya akiba, kapasita na kontakta viwe kwenye kabati tangu siku ya kwanza, kwa sababu fundi akija na boti ya kesho na kipuri kinakuja na meli ya wiki ijayo, mzigo wote umekwenda. Mashine ya kukaa miaka kumi inadai sehemu ya kumi ya bei yake iwekwe kando kila mwaka. Ruzuku nyingi hazikubali kulipia mstari huo. Basi ada ya kuhifadhi kila kilo iuweke ndani tangu mwanzo, hata kama wanachama watanung'unika.

Mabilioni yanapita njia gani

Sasa turudi kwenye habari za mikutano. Mfuko unaotajwa sana ni Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ulioanzishwa 2010 na wenye makao Songdo, Korea Kusini. Una lengo la kugawa fedha zake nusu kwa nusu kati ya kupunguza hewa chafu na kuhimili mabadiliko ya tabianchi, na angalau nusu ya hiyo ya kuhimili iende kwa nchi maskini zaidi, nchi za Afrika na visiwa vidogo. Mkulima akisikia hivyo anauliza fomu iko wapi. Hakuna fomu ya mkulima. Hela inapita kwenye taasisi zilizoidhinishwa: mashirika ya kimataifa, benki za maendeleo, na baadhi ya taasisi za kitaifa au za kanda. Kuidhinishwa kunataka mifumo ya ukaguzi, ununuzi na ulinzi wa mazingira ambayo wizara ndogo ya nchi yenye watu laki moja inaweza ikakosa wafanyakazi wa kuiendesha. Andiko moja linaweza kuchukua miaka kabla ya hela ya kwanza kushuka. Kwa hiyo mfuko huu ni wa mabwawa, takwimu za hali ya hewa na mipango ya nchi. Si wa kununulia mbegu za msimu ujao.

Kwa kikundi cha kijiji, mlango uliozoeleka ni Programu ya Misaada Midogo ya GEF, Mfuko wa Mazingira Duniani, iliyoanza 1992 na ambayo kwa miaka mingi imeendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kwa miaka mingi ukomo wake ulikuwa dola 50,000 kwa mradi, na inapeleka hela kwa vikundi na asasi moja kwa moja. Hela ni ndogo, lakini inafika.

Ruzuku ya ukubwa wowote ina gharama zake, ndiyo maana kuiita hela ya bure ni kujidanganya. Nyingi zinarudisha hela baada ya wewe kutumia, kwa hiyo unahitaji mkopo wa kuvukia. Nyingi zinadai nukuu tatu za bei, na kisiwa kina muuzaji mmoja wa mabomba. Hapo omba ruhusa ya maandishi kabla ya kununua, au chukua nukuu mbili za nje zenye nauli ya meli ndani yake. Usinunue kwanza ukaomba msamaha baadaye, mkaguzi hatakuelewa. Tarehe nazo zina shida: vifaa vinavyoagizwa vikichukua wiki nane kufika, fungu linalotoka wiki mbili kabla ya mvua limeshachelewa msimu mzima. Na kikundi kilichozoea hesabu za daftari moja kikipewa fungu la ghafla mara hamsini ya mapato yake ya mwaka, ni ngalawa iliyotwekwa tanga la jahazi: upepo wa kwanza unaipindua. Fungu litoke kwa hatua, kila hatua ikifungwa na hesabu za ile iliyotangulia.

Serikali nazo zina mipaka yake. Visiwa vingi vina pato la kila mtu linaloonekana zuri kwa sababu ya utalii, na pato hilo linawafungia mlango wa mikopo nafuu, ingawa dhoruba moja inaweza kufuta mapato ya mwaka. Taasisi ya Benki ya Dunia inayokopesha nchi maskini, IDA, ilianza kutoa nafasi ya pekee kwa visiwa vidogo mwaka 1985. Umoja wa Mataifa nao ulifikia mwaka 2024 kukubali kipimo kipya cha udhaifu kisichotazama pato peke yake.

Mfano wa kuunganisha aina za hela ni Shelisheli. Oktoba 2018 nchi hiyo ilitoa hatifungani ya bahari, yaani hati ya deni inayouzwa kwa wawekezaji, ya dola milioni 15. Benki ya Dunia iliweka dhamana ya dola milioni 5, na GEF ikatoa mkopo nafuu wa dola milioni 5 wa kusaidia kulipa riba. Wawekezaji walipata riba yao, nchi ikapunguziwa mzigo, na hela ikaelekezwa kwenye uvuvi endelevu na bahari, sehemu kama ruzuku na sehemu kama mikopo kupitia benki ya maendeleo ya nchi. Dhamana hapo ndiyo iliyofanya kazi ngumu: haikutoa hela siku hiyo, ila ilishusha woga wa mwenye hela.

Umoja wa Ulaya una mpango wake kwa maeneo ya mbali kama Réunion, Martinique, Azores na visiwa vya Canary, uitwao POSEI. Una mifuko miwili ndani yake: mmoja unasaidia uzalishaji wa visiwani, mwingine unapunguza gharama ya kuingiza bidhaa muhimu, chakula cha mifugo kikiwemo. Mfugaji anapumua. Mkulima wa mboga anaweza kujikuta akishindana na bidhaa iliyosaidiwa na mfuko uleule. Na kwenye visiwa vya Ufaransa, sehemu kubwa ya msaada wa uzalishaji imekuwa ikienda kwenye ndizi na miwa, mazao ya kuuza nje. Kwa hiyo ukisikia kilimo cha kisiwa fulani kinapata ruzuku kubwa, uliza ya zao gani.

Benki, ardhi na ankara

Meneja wa benki anayekataa mkopo wa kilimo kwa kawaida si mtu mwenye roho mbaya. Anauliza ukishindwa, nitauza nini? Vanuatu, kwa mfano, katiba yake inasema ardhi yote ni ya wenyeji wenye haki za kimila na vizazi vyao. Huo ni ulinzi mzuri wa watu, na ni sababu ya shamba kutoweza kuwekwa rehani kama nyumba ya mjini. Kulazimisha ardhi hiyo iwe bidhaa ili benki zifurahi ni gharama kubwa kuliko mkopo wenyewe.

Zipo rehani nyingine. Pampu au trekta inaweza kubaki mali ya mkopeshaji mpaka malipo yaishe. Ushirika wa kuweka na kukopa unaweza kudhaminiana, mradi wanachama wasiwe wote wakulima wa zao moja kwenye bonde moja, maana ugonjwa ukipita wanaanguka pamoja. Mfuko wa dhamana unaweza kubeba nusu ya hasara ya benki. Watu wanakosea hapa: dhamana ya asilimia 50 haifuti nusu ya deni lako. Wewe unadaiwa lote. Inayopunguziwa maumivu ni benki. Na ukikopeshwa kwa dola wakati mboga unaziuza kwa fedha ya nyumbani, umeongeza hatari ambayo hakuna kiasi cha mbolea kitakachoitibu.

Rehani ninayoiamini zaidi ni mkataba wa mnunuzi. Hoteli, hospitali au shule ikisaini kwamba itachukua kilo kadhaa kila wiki kwa bei iliyokubaliwa, benki inaona hela inatoka wapi. Ila mkataba unambana na mkulima pia. Hoteli haitaki saladi kilo 300 wiki hii na sifuri wiki tano zinazofuata. Kama saladi inakomaa wiki 6 baada ya kuhamishwa kitaluni, unahitaji matuta 6 yaliyo katika umri tofauti, moja likipandwa kila wiki, na tuta la saba likipumzika. Mkulima anayepanda shamba lote siku moja amevunja mkataba kabla ya kuvuna.

Shule na hospitali ni wanunuzi wa uhakika wenye tabia ya kuchelewa kulipa, siku 60 au 90. Mkulima mdogo havumilii hivyo, anamwuzia mlanguzi kwa bei ya chini kwa sababu mlanguzi ana noti mfukoni. Pengo hilo linazibika kwa mkopo wa ankara: ushirika unapeleka ankara iliyosainiwa, mkopeshaji anatoa sehemu kubwa ya thamani yake siku hiyo, shule ikilipa anakata chake. Fungu la ruzuku likiwekwa kama mfuko wa kuzunguka kwa kazi hii, linaweza kuzunguka mara nne kwa mwaka. Likigawiwa kama majembe, linazunguka mara moja.

Dhoruba

Visiwa vya Karibi vilianzisha mfuko wa pamoja wa bima, CCRIF, mwaka 2007. Hauendi kuhesabu migomba iliyoanguka. Unaangalia vipimo kama nguvu ya upepo au kiasi cha mvua, na vikivuka kiwango, serikali inalipwa ndani ya siku 14. Kasi hiyo ndiyo faida yake. Udhaifu wake ni kwamba kipimo kinaweza kisifikie kiwango wakati shamba lako limelala chini. Tena inayolipwa ni serikali, siyo mkulima. Mwaka 2019 bima ya namna hiyo kwa wavuvi, COAST, ilianza Grenada na Saint Lucia, na malipo yake yamepangwa kuwafikia wavuvi kupitia serikali.

Hela ya kurudi shambani ipangwe kwa saa ya kila zao. Mboga za majani zinarudi mezani wiki 4 hadi 8 baada ya kupandwa upya, viazi vitamu miezi 3 hadi 5, ndizi miezi 9 hadi 12, mshelisheli mpya miaka 3 hadi 5. Kwa hiyo mbegu za mboga na vipandikizi vya viazi viwe vimehifadhiwa kabla ya msimu wa dhoruba, mahali pasipofikiwa na maji, kwa hela iliyo tayari benki. Kuziomba baada ya dhoruba ni kungoja kikao. Miti inataka hela ya miaka, na mwenye shamba la miti peke yake hana kitu cha kumlipa mkopeshaji katikati.

Grenada, ilipopanga upya madeni yake mwaka 2015, iliingiza kifungu cha kusimamisha malipo kukitokea kimbunga kikubwa. Kimbunga Beryl kilipoipiga Julai 2024, kifungu hicho kilitumika. Kifungu cha namna hiyo kinafaa hata kwenye mkopo wa pampu moja. Kabla ya kusaini, hakikisha kinataja mambo manne: ni kipimo gani kinachokifungua, nani anathibitisha kipimo hicho, marejesho yanasimama miezi mingapi, na kama riba inaendelea kuhesabiwa wakati huo.